Wimbo Umefika Spotify, Kodi ya Chumba Bado: Biashara ya Wasanii wa Chumbani

Leo naomba niwatoe kidogo kwenye nguo, viatu na vipodozi, niwapeleke kwenye biashara ambayo wengi hatuihesabu kuwa biashara. Kijana anarekodi nyimbo chumbani kwake na kuzitoa mwenyewe, hana lebo wala meneja.

Mimi nauza vifaa vya simu na kompyuta, na mwaka wa nne huu maiki, hedifoni na kadi za sauti ndizo zinazonilipia fremu. Nimeishia kidato cha nne. Mambo ya sauti nimeyajua kwa kuulizwa na wateja, halafu usiku nakaa YouTube natafuta majibu. Hawa vijana nimewasikiliza sana. Wengine wanakuja dukani hawana hata mia, wanakaa tu kupiga stori wakisubiri umeme urudi kwao. Nilichokiona ni kwamba kurekodi siyo shida kubwa tena. Shida ni pale wimbo unapozagaa kila mahali, ila pesa yake haijui njia ya kurudi nyumbani. Sisi tunaouza kwa simu tunalijua hilo kwa sura nyingine: posti ina like 800, oda mbili.

CHUMBANI

Mtu anakuja: "Dada, nataka maiki kama zile za studio." Namuuliza bajeti, anasema laki. Namuuliza ataichomeka wapi, kimya.

Maiki nyingi za kondensa, zile zinazoonekana kwenye video za wasanii, zinahitaji umeme wa volti 48 unaotoka kwenye kadi ya sauti. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye laptopu inasikika kwa mbali au haisikiki kabisa. Kesho yake mteja anarudi amenuna, "umeniuzia mbovu". Ndiyo maana simuuzii mtu maiki kabla ya maswali matatu: unatumia simu au kompyuta, una kadi ya sauti, na chumba chako kikoje? Asiye na kadi nampeleka kwenye maiki ya USB, hata kama ile nyingine ingeniachia faida kubwa zaidi. Wapo wanaoona nawachosha, wanaenda duka la pili. Sawa tu. Wanaobaki hawarudishi mzigo.

Hilo swali la chumba ndilo zito. Chumba cha bati, mvua ikinyesha kazi imekwisha. Mchana kuna bodaboda, watoto, jirani anatwanga, fundi cherehani kafungulia redio. Kwa hiyo wengi wanarekodi saa nane usiku, feni imezimwa kwa sababu maiki inainasa, dirisha limefungwa, jasho linatiririka, na mtu anaimba kwa sauti ya chini baba mwenye nyumba asiamke. Nahisi nusu ya nyimbo za mapenzi za kunong'ona tunazozisikia zimetokana na kumwogopa mwenye nyumba.

Halafu trei za mayai. Jamani, trei za mayai! Kila wiki napata anayeniambia ameshabandika ukuta mzima. Trei hazizuii sauti ya nje, na mwangwi wa ndani zinaupunguza kidogo mno, maana ni karatasi nyepesi. Kinachomeza sauti ni kitu kizito na laini: godoro limesimamishwa ukutani, blanketi zito nyuma ya anayeimba, kabati la nguo likiwa wazi na nguo zake ndani. Vyote hivyo mtu anavyo tayari. Nimeshamzuia zaidi ya mteja mmoja asinunue sponji za rangi kwangu kabla hajajaribu godoro lake.

Na usidhani chumba kinamzuia mtu kufika mbali. Billie Eilish na kaka yake Finneas walitengeneza ile albamu yao ya 2019 chumbani, nyumba ya wazazi wao, Highland Park, Los Angeles. Januari 2020 ikabeba Grammy ya albamu ya mwaka. Hapa kwetu Dar, singeli imekua kwenye studio ndogo za uswahilini, kompyuta ya kawaida na programu ya FL Studio. Mwaka 2017 nyimbo zilizopikwa kwenye studio ya Sisso, Mburahati, zilikusanywa na lebo ya Kampala inayoitwa Nyege Nyege Tapes, zikatoka kama Sounds of Sisso, na singeli ikaanza kupigwa kwenye matamasha ya Ulaya.

Lakini hao ndio tunaowajua. Ninaowauzia mimi, wengi mchana wananyoa, wanaendesha boda, wanakaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa. Wanarudi saa mbili usiku, wanalala kidogo, wanaamka kurekodi. Asubuhi nyumbani wanaambiwa wavivu. Mmoja aliniambia kinachomchosha siyo kuimba, ni kwamba yeye ndiye mwimbaji, fundi mitambo, mpiga picha wa kava, mtu wa matangazo, mtu wa kujibu inbox na mhasibu. Nilicheka. Nikamwambia karibu kwenye ukoo wetu.

KUTOA WIMBO, NA JINA LA NANI LIPO KWENYE AKAUNTI

Watu wanadhani wimbo unaupeleka Spotify au Apple Music mwenyewe kama unavyoposti picha. Hapana. Unapita kwa msambazaji, kampuni unayoipa faili la wimbo na kava, nayo inapeleka kwenye maduka yote na kukukusanyia pesa. DistroKid wanatoza kwa mwaka. CD Baby wanatoza mara moja kwa kila toleo, halafu wanakata asilimia 9 ya mapato. Soma hapo vizuri, maana hiyo ni hesabu ya kodi ya fremu na ya kununua kiwanja. Ukilipa kwa mwaka ni nafuu kuanzia, ila ukiacha kulipa nyimbo zinaweza kuondolewa, labda uwe umelipia ile huduma ya ziada ya kuziacha zibaki. Kijana anayelipia kwa kadi ya mtandaoni aliyotengeneza kwenye simu, halafu mwaka unaofuata kadi haina salio, anaamka anakuta kazi zake hazipo.

Kava lina mambo yake pia. Linatakiwa mraba, pikseli 3,000 kwa 3,000, na maduka ya muziki hayakubali kava lenye namba ya simu, bei, au jina la ukurasa wako. Sisi tumezoea kila picha tuipige muhuri wa namba ya WhatsApp. Msanii akifanya hivyo wimbo unarudishwa, na tarehe aliyowatangazia watu inapita. Hiyo tarehe nayo isiwe kesho. Ukitaka kuwaomba wahariri wa Spotify waufikirie wimbo wako kwa orodha zao, wanataka ombi liwafikie angalau siku 7 kabla haujatoka. Mimi wateja wangu nawaambia wakabidhi kazi wiki nne kabla, kwa sababu nawajua.

Sasa niwape kisa kilichonifanya niandike haya.

Kuna kijana mteja wangu, jina naliacha. Alirekodi wimbo chumbani kwake kwa maiki niliyomuuzia kwa awamu tatu. Kadi ya kulipia msambazaji hakuwa nayo. Rafiki yake mwenye akaunti akamwambia lete, nitakuwekea kwangu. Wimbo ukaenda. Ukaanza kupigwa kwenye daladala, watu wakautumia kwenye video zao, mpaka mimi nikausikia sokoni kwa muuza nyanya. Miezi ikapita. Kila akimuuliza rafiki yake kuhusu pesa anajibiwa "bado hazijaingia", mwishowe simu ikawa haipokelewi. Kule kwenye mfumo mwenye wimbo anaonekana ni yule mwenye akaunti. Hakuna karatasi, hakuna hata meseji moja inayosema tugawane hivi.

Nilikaa naye dukani tukatafuta pa kuanzia. Kila rekodi iliyotolewa rasmi ina namba yake ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, inaitwa ISRC. Ni kama namba ya chasisi ya gari. IFPI, ambao ni umoja wa makampuni ya kurekodi duniani, wana ukurasa wa kuitafuta bure. Tukaipata. Faida yake ni kwamba akihamia akaunti yake mwenyewe akatumia faili lilelile, taarifa zilezile na ISRC ileile, hesabu ya wasikilizaji inaweza kuendelea pale ilipofikia, asianze na sifuri. Tatizo, yule rafiki lazima autoe kwanza upande wake. Alichokuwa nacho mkononi ni mafaili ya mradi wenye sauti zake zikiwa mojamoja, yenye tarehe, pamoja na video fupi alizojirekodi akiwa anaimba usiku huo. Hakimiliki kwa sheria yetu ya 1999 inaanza pale unapoitengeneza kazi, ila ushahidi ndio unaokubeba, kwa hiyo akaenda COSOTA na hivyo vitu kusajili kazi yake. Mpaka leo naandika haya bado wanavutana.

Nimekaa nikahesabu wangapi kati yetu ukurasa wa Instagram wa duka umefunguliwa kwa namba ya binamu. Lipa namba imesajiliwa kwa jina la shemeji. Barua pepe ya ukurasa anayo yule dogo aliyetusaidia kuufungua, sasa yupo Mwanza. Mambo yakiwa madogo hakuna anayejali. Ukianza kuuza ndipo binamu anakumbuka.

HESABU YENYEWE

Spotify hawana bei maalumu kwa kila anayesikiliza. Pesa za vifurushi na matangazo zinawekwa kapu moja, wanakata chao, zinazobaki zinagawanywa kwa kuangalia wimbo wako umechukua sehemu gani ya usikilizaji wote. Watu hukadiria kama dola 3 kwa kila mara 1,000, na nchi ambazo kifurushi ni cha bei ndogo huwa inashuka zaidi. Tuitumie hiyo 3. Tuseme dola ni shilingi 2,500 kurahisisha. Kusikilizwa mara 100,000 ni dola 300, laki saba na nusu. Hapo hujamlipa prodyuza, hujalipa bando, na laki moja ya wasikilizaji kwa msanii asiyejulikana siyo mchezo. Tena tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote kwenye rekodi upande wa Spotify.

YouTube nako kuna kizingiti: wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, ndipo uanze kugawana nao pesa za matangazo. Halafu hawakutumii mpaka zifike dola 100.

Siyo kwamba nawavunja moyo. Naona tu kule ni kama meza ya mbele ya duka, watu wanapita wanaangalia. Mauzo yanafanyika kwingine.

Angalia alichofanya Nipsey Hussle wa Los Angeles. Oktoba 2013 alitoa mixtape inayoitwa Crenshaw. Mtandaoni aliiweka bure kabisa, mtu yeyote apakue. Siku hizohizo akachapa CD 1,000 za kazi hiyohiyo na kuziuza dola 100 kila moja. Dola mia kwa CD ambayo nyimbo zake ziko bure! Ziliisha, na Jay-Z mwenyewe alinunua 100. Mara 100, mara 1,000, piga hesabu. Baadaye akafungua duka la nguo la Marathon mtaani kwao, mpaka alipouawa nje ya duka hilo Machi 2019.

Watu wakisimuliwa hii wanabeba bei tu, eti na mimi nitauza ghali. Mtu huyu alikuwa anatoa kazi kwa watu wa mtaa wake tangu miaka ya 2000, anauza CD mkono kwa mkono. Aliwajua wanunuzi wake kabla hajataja bei. Wateja wangu wanaoishi angalau vizuri kwa muziki ndiyo wako hivyo. Wana daftari. Nani aliwaita kuimba kwenye sendofu, nani alinunua fulana, MC gani huwa anawapigia. Mmoja ana watu kama 140 kwenye WhatsApp, na hao ndio anaowatumia wimbo siku tatu kabla haujatoka. Aliwaomba kila mmoja aihifadhi namba yake, kwa sababu orodha ya kutuma kwa pamoja haimfikii mtu ambaye hajakuhifadhi. Ana wafuasi 9,000 Instagram lakini ukimuuliza achague, anachagua wale 140.

BITI YA DOLA 30

Hii nitaipitia haraka. Lil Nas X aliinunua biti ya Old Town Road mtandaoni kwa dola 30, kutoka kwa kijana wa Uholanzi, YoungKio, aliyekuwa anauza biti akiwa nyumbani. Wimbo ukakaa namba moja Marekani wiki 19 mwaka 2019. Ndani ya ile biti kulikuwa na kipande cha kazi ya bendi ya Nine Inch Nails, na ilibidi wenye kipande waingizwe kwenye umiliki wa wimbo.

Biti ya bei ndogo kwa kawaida hujauziwa, umekodishiwa. Leseni ina kikomo cha miaka au cha wasikilizaji, na mwenye biti anaendelea kuwakodishia wengine. Wasanii wengi wa mtaani hata hawasomi, wanapakua YouTube palipoandikwa "bure" wanaimbia. Bure ile mara nyingi ni ya mazoezi, siyo ya kuuzia. Wauza nguo wanaochukua picha za kurasa za wenzao wananielewa vizuri hapa.

WANATUFAA NINI SISI

Ukiwa na akaunti ya biashara TikTok, muziki unaoruhusiwa kuutumia ni wa ile maktaba yao ya matangazo. Nyimbo nyingi zinazovuma hazimo. Unalazimisha, video inakatwa sauti, na ndiyo video uliyoilipia.

Wakati huohuo mtaani kwako kuna mtu ana maiki, godoro ukutani na anajua kutunga. Mwaka jana nilimlipa mmoja wa wateja wangu elfu hamsini, akanitengenezea wimbo wa tangazo wa sekunde 20, biti yake mwenyewe, jina la duka linatajwa mara mbili. Niliutumia kwenye video na kwenye spika ya mlangoni. Watoto wanaotoka shule wanaupitia wakiuimba, mpaka unaudhi kidogo.

Kabla sijatuma pesa nilimwandikia kwenye WhatsApp, naweka hapa mjue ilivyokuwa: "Nakulipa 50,000 kwa wimbo wa tangazo sekunde 20. Biti umeitengeneza wewe, haina kipande cha mtu. Naruhusiwa kuutumia kwenye kurasa zangu zote na dukani kwa miaka miwili. Wimbo unabaki wako, ila wenye jina la duka langu hutampa mtu mwingine. Nikitaka kuupeleka redioni tunaongea upya. Jibu kama umekubali." Akajibu, "Sawa dada, nimekubali." Nikapiga picha ya skrini, na yeye nikamwambia apige ya kwake.

Kile kipengele cha redio aliongeza yeye. Nilishangaa, nikamuuliza kakitoa wapi, akaniambia ni baada ya kuona yaliyompata mwenzake wa daladala.

Jirani yangu wa vipodozi aliusikia, akaomba namba. Halafu muuza keki, halafu jamaa wa magodoro. Sasa dogo ana bei zake kwenye stetasi: sekunde 20 elfu hamsini, sekunde 40 elfu themanini, nusu unalipa kabla, marekebisho mara mbili bure, ya tatu elfu kumi. Mwezi uliopita alifanya matangazo manne. Kodi imelipwa, na wimbo wake mwenyewe unatoka Ijumaa ijayo, kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe yake.